Kinywa kikavu kwa mwenye selimundu si jambo dogo

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumanne iliyopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayetufuata gazetini, wiki hii nataka tuzungumze habari za mate. Najua kwamba hilo si jambo la kusemwa mbele ya wageni. Kwetu mate ni kitu cha kutemwa, na kumtemea mtu mate ni tusi lisilohitaji maneno. Hata mtoto mchanga anapotokwa na udenda hufutwa haraka kabla mgeni hajampakata. Lakini wako watu katika mji huu, tena si wachache, ambao kupungua kwa mate kunaweza kuwafikisha wodini, na hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo.

Nimepata barua ya mama mmoja wa Tabata. Kijana wake ana miaka tisa na ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu bado tunauita siko seli. Mwaka jana mtoto huyo alilalamikia jino, akalia usiku kucha. Asubuhi akapelekwa kwenye zahanati moja, jino likang'olewa. Mama anaandika kwamba alipolitazama lile jino juu ya pamba lilikuwa zima, jeupe, halina tundu hata moja. Usiku uliofuata maumivu yakarudi pale pale tayani, na baada ya siku mbili yakashuka mgongoni na miguuni, mtoto akalazwa. Mama anauliza mambo mawili. Jino zima linaumaje? Na je, meno yana uhusiano gani na ugonjwa wa damu?

Tuanze na swali la pili, maana ndilo linalofungua mlango wa lile la kwanza.

Mate hutengenezwa na tezi. Ziko jozi tatu kubwa: moja iko mbele ya masikio, ambayo ndiyo huvimba mtu anapougua matubwitubwi, ya pili iko chini ya taya, na ya tatu iko chini ya ulimi. Zaidi ya hizo kuna tezi ndogo ndogo, mamia kwa mamia, zilizotawanyika ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Tezi hizi hazina kisima chao wenyewe. Maji yote huyateka kwenye damu inayopita katika vimishipa vyembamba vilivyozizunguka, huyachuja, huyatia chumvi chumvi na protini, kisha huyamwaga kinywani. Mtu mzima mwenye afya njema hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na karibu yote huyameza bila kujua. Kwa hiyo anayekuambia kwamba damu ni habari ya mwilini na meno ni habari ya kinywani amesahau kwamba maji ya kinywa yametoka kwenye damu.

Na kazi ya mate si kulainisha tonge tu. Juu ya meno yetu hukaa utando laini uitwao ukoga, na ndani ya ukoga wamo vijidudu ambao chakula chao kikubwa ni sukari. Wakiila, hutoa tindikali. Wataalamu hupima ukali wa tindikali kwa kipimo kiitwacho pH, ambapo namba ikishuka tindikali imezidi. Mate ya kawaida huwa kati ya 6.7 na 7.4. Ukinywa soda, au chai iliyokolea sukari, dakika chache baadaye namba hiyo ndani ya ukoga huporomoka, na ikipita chini ya 5.5 gamba gumu la nje la jino huanza kuyeyuka. Mate ndiyo huja kuzima moto. Huiosha sukari, huituliza tindikali, kisha hurudishia jino madini ya kalsiamu na fosfeti lililopoteza. Shughuli hiyo huchukua nusu saa, pengine saa nzima. Mate yakiwa haba, moto unaendelea kuwaka.

Usiku tukilala mate karibu hukoma kabisa, hata kwa mtu mwenye afya ya ng'ombe. Ndiyo maana hakuna anayeamka na kinywa kinachonukia. Naomba msomaji alishike hilo la usiku, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye selimundu. Chembe nyekundu ya damu ya kawaida ni laini, mviringo, imebonyea katikati, na hupenya hata kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe kwa kujikunja. Kwa aliyerithi selimundu kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama, chembe hizo zikikosa hewa ya oksijeni au mwili ukipungukiwa maji hukakamaa na kupinda mfano wa mundu wa kukatia nyasi. Chembe ngumu haipenyi. Inakwama, nyingine zinarundikana nyuma yake, na sehemu ya mwili iliyo mbele inakosa damu. Hayo ndiyo maumivu ambayo mgonjwa huyaeleza kama mfupa unaopasuliwa kwa shoka.

Kuna jambo moja katika historia ya ugonjwa huu ambalo madaktari wa meno wangepaswa kulitundika ukutani. Mgonjwa wa kwanza kuelezwa katika maandishi ya kitabibu ya nchi za Magharibi alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno. Jina lake Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada, aliyekwenda kusoma Chicago mwaka 1904. Mwishoni mwa mwaka huo alilazwa hospitali, na daktari kijana Ernest Irons alipotazama damu yake kwa hadubini aliona chembe zenye umbo la ajabu. Mkuu wake, Dk. James Herrick, aliandika habari hiyo mwaka 1910. Noel mwenyewe alimaliza masomo mwaka 1907, akarudi kwao Grenada kutibu meno ya watu, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32 tu. Kwa hiyo selimundu na meno walikutana tangu siku ya kwanza, halafu tukawatenganisha, kila mmoja tukampa kliniki yake.

Kwetu ugonjwa huu si mgeni. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka, idadi inayotuweka miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani pamoja na Nigeria, Kongo na India. Katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa, mtu mmoja kati ya watano amebeba urithi huo upande mmoja, bila kuumwa. Sababu ni malaria: mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi upande mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana urithi huu ulishamiri mahali penye mbu.

Mate yanaingiaje hapa? Yanaingia kupitia figo. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema sana katika selimundu, mtoto angali mdogo. Ndani ya figo kuna mahali penye chumvi nyingi na oksijeni kidogo, mahali ambapo chembe hukakamaa kwa urahisi, na mahali hapo hapo ndipo mwili hurudisha maji kutoka kwenye mkojo. Pakiharibika, mtoto hukojoa maji matupu, mengi, mchana na usiku, hata kama hajanywa mengi. Hawezi kubana mkojo ukakolea kama wewe na mimi. Matokeo yake mwili una kiu wakati wote, na mwili wenye kiu haugawi maji kwa tezi za mate.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wazazi. Mtoto wa namna hii hukojoa kitandani, wakati mwingine mpaka akiwa kidato cha kwanza. Nyumba nyingi zimempatia dawa moja: kuanzia magharibi asipewe maji. Wengine humchapa. Shuleni nako mwalimu anachoka na ruhusa za kwenda chooni, basi mtoto naye anajifunza kutokunywa maji ili asiombe ruhusa. Tazama sasa tulipofika. Mwili unapoteza maji kwa nguvu, sisi tumefunga bomba la kuingiza, na usiku umeingia, saa ambazo mate yenyewe hukoma. Damu inakuwa nzito, chembe zinapinda, kinywa kinakauka, ulimi unagandana na kaakaa. Alfajiri mtoto ana maumivu ya miguu na sisi tunasema ni baridi. Mtoto huyo hakojoi kitandani kwa uvivu, wala viboko haviponyi figo.

Yapo na mambo mengine yanayokausha kinywa. Watoto wengi wenye selimundu huota nyama za nyuma ya pua na mafindofindo makubwa, hivyo hulala mdomo wazi wakikoroma, na upepo hukausha kile kidogo kilichobaki. Dawa nazo zina mchango wao. Mofini na jamaa zake wanaotuliza maumivu makali hupunguza mate. Vivyo hivyo amitriptilini, ambayo baadhi ya wagonjwa hupewa kwa maumivu ya muda mrefu, na vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi. Sisemi dawa hizo ziachwe. Maumivu ya selimundu si ya kuvumiliwa kwa ushujaa, na anayemnyima mgonjwa mofini kwa kuogopa meno amekosea hesabu. Ninachosema ni kwamba anayezitumia anywe maji na achunge kinywa.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke na dhana kwamba kila mwenye selimundu ana kinywa kikavu. Watafiti waliopima mate ya watu hawa katika nchi mbalimbali wamepata majibu yasiyolingana: wengine walikuta mate yamepungua au yamepoteza nguvu ya kuituliza tindikali, wengine hawakuona tofauti na watu wasio wagonjwa. Kwa maoni yangu hilo halishangazi. Mate ya mtu aliyeketi kliniki mchana, katulia, kanywa maji yake, si mate ya mtoto saa nane za usiku.

Halafu kuna sukari, na hapa naomba radhi kwa akina bibi. Mtoto mgonjwa katika nyumba zetu hupendwa kwa sukari. Akitoka hospitali ananunuliwa soda. Akikataa ugali anapewa biskuti. Kuna imani kwamba unga wa glukosi unampa nguvu, basi analambishwa kijiko hadi kijiko. Juisi ya rozela inaaminika kuongeza damu, basi inapikwa chungu kizima na kutiwa sukari mpaka ikolee, na mtoto anainywa kidogo kidogo kutwa nzima. Rozela yenyewe ni chachu, ina tindikali kabla hata vijidudu hawajaanza kazi yao. Dawa za maji za watoto nazo nyingi zina sukari, na mara nyingi hutolewa mtoto akiwa ameshalala nusu, haziondolewi kwa maji. Kibaya kuliko kiasi cha sukari ni idadi ya mara. Kama mtoto anafyonza juisi kila baada ya nusu saa, ule moto niliousema hauzimiki tangu asubuhi hadi jioni, hata kama mate yake ni mengi. Yakiwa machache, ndiyo zaidi.

Sasa turudi Tabata, kwenye jino zima linalouma.

Jino si jiwe. Katikati yake pana uwazi wenye nyama laini, mishipa ya damu na mshipa wa fahamu. Tuuite moyo wa jino. Damu huingia humo kupitia kitundu chembamba kwenye ncha ya mzizi, na njia nyingine ya maana hakuna. Mkono ukizibwa mshipa mmoja, jirani yake husaidia. Moyo wa jino hauna jirani. Chembe zilizopinda zikikwama kwenye kile kitundu, nyama ya ndani inakosa damu, inauma, na wakati mwingine inakufa kabisa, ilhali kwa nje jino ni jeupe na halina doa. Watafiti wa Brazil ni miongoni mwa waliolichunguza jambo hili, na wamekuta meno yaliyokufa bila kutoboka ni mengi zaidi kwa watu wenye selimundu kuliko kwa wengine. Wakati mwingine hata si jino lenyewe. Ni mfupa wa taya uliokosa damu, na mgonjwa anaonyesha jino kwa kuwa ndilo lililo karibu. Wapo ambao mdomo wa chini na kidevu hufa ganzi kwa wiki kadhaa, kama waliopigwa sindano, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya umebanwa.

Kwa hiyo mama, jibu langu ni kwamba huenda kabisa lile jino lilikuwa halina kosa. Shambulio lilikuwa limeanzia tayani, na kulikatia ufizi na kumwaga damu wakati ule hakukusaidia. Daktari wa meno anayejua kuwa mbele yake yuko mwenye selimundu hugonga jino taratibu, huligusa kwa kitu cha baridi kuona kama lingali hai, na hupiga picha ya eksirei. Kama hakuna usaha wala uvimbe, mgonjwa hutibiwa maumivu, hupewa maji, na jino hutazamwa tena shambulio likipita. Likiwa limekufa, mara nyingi linaweza kusafishwa ndani na kuzibwa mizizi badala ya kung'olewa. Lakini yote hayo yanategemea jambo moja, kwamba anajua. Je, pale zahanati kuna aliyeuliza? Na je, ninyi mlisema? Watu wengi wakiulizwa kwa daktari wa meno kama wana ugonjwa mwingine hujibu hapana, kwa sababu wamekuja kwa jino.

Usaha ukiwapo, hapo hakuna kungoja. Jino lililooza ni mlango wa maradhi kuingia kwenye damu, na mwenye selimundu mara nyingi bandama lake limekwisha kufa akiwa mtoto, kwa hiyo mlinzi mkubwa wa damu hayupo. Homa humnyang'anya maji, na maji yakipungua chembe hupinda. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2013 matokeo yanayoonyesha kwamba watu wazima wenye selimundu waliofika hospitali na maumivu, wakiwa pia na maambukizi ya meno, walilazwa mara nyingi zaidi kuliko wenzao wasio na tatizo la meno. Sindano ya kawaida ya ganzi, kwa wengi wao, haina neno. Nusukaputi ndiyo inayotaka hospitali kubwa, watu wa damu na watu wa usingizi wakiwa wameshauriana kwanza.

Nisiliruke jambo la watoto wachanga, maana ndilo linalonikera kuliko yote. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima. Damu aliyotoka nayo tumboni ina himoglobini ya namna nyingine isiyopinda, nayo humlinda miezi ya mwanzo. Kinga hiyo hupungua akikaribia miezi sita, na kuanzia hapo, katika miezi inayofuata, dalili hujitokeza: homa, kulia bila kunyamaza, mikono na miguu kuvimba vidole, macho ya manjano. Sasa miezi sita ndiyo umri gani mwingine? Ndio umri wa meno. Fizi zinawasha, udenda unachuruzika, na bibi wa jirani anatoa hukumu: ni meno tu hayo. Familia inangoja meno yatoke, kumbe ni damu.

Na kuna wanaofanya zaidi ya kungoja. Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini mwetu imani ya meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita ya nailoni. Mtoto akiwa na homa na kuhara, mtu anamfunua mdomo, anaona uvimbe mweupe mahali litakapoota chonge, anasema hilo ndilo jino baya linalomwua. Linachimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Uganda wanayo hiyo hiyo na wanaiita ebinyo. Kinachotolewa pale ni chipukizi la jino la kawaida, laini kwa sababu halijakomaa, na wakati mwingine huharibiwa na jino la ukubwani lililo chini yake. Kwa mtoto wa kawaida huo ni ukatili na hatari ya pepopunda. Kwa mtoto wa selimundu mwenye homa ni kumwongezea jeraha chafu na upotevu wa damu siku ile ile ambayo alihitaji maji, dawa na kipimo cha damu. Homa ya mtoto wa miezi minane ipelekwe hospitali, na mzazi aombe apimwe selimundu.

Selimundu haiko peke yake. Kuna thalasemia, jina lililotokana na neno la Kigiriki la bahari, kwa kuwa ilielezwa kwanza kwa watu wenye asili ya nchi zilizozunguka Bahari ya Kati. Iko pia India, Ghuba na Omani, na aina zake nyepesi ziko kwa wingi hapa pwani ya Afrika Mashariki. Mwenye thalasemia kali hawezi kuishi bila kuongezewa damu kila wiki chache. Chupa moja ya damu huleta miligramu zipatazo 200 hadi 250 za madini ya chuma, na mwili wa binadamu hauna njia ya kutoa zaidi ya miligramu moja hivi kwa siku. Chuma kinachobaki hutafuta pa kukaa: ini, moyo, kongosho, na tezi za mate nazo hupata fungu lao. Wagonjwa hawa wamepimwa wakakutwa na chuma kingi katika mate, na wengi wao wana mate haba na meno mengi yaliyooza. Tena uboho wao, kwa kujitahidi kutengeneza damu, hutanua mifupa ya uso. Taya la juu husogea mbele, midomo haifungi vizuri, na kinywa kinachokaa wazi hukauka. Dawa za kutoa chuma mwilini zipo, na familia isizikatize kwa kuona mtoto hana dalili. Hata mwenye selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara asinunuliwe vidonge vya kuongeza chuma dukani bila kupimwa kwanza.

Kuna na himofilia, ambapo damu haigandi. Hii huwapata zaidi wavulana, kadiri ya mmoja kati ya 5,000 kwa ile aina iliyo ya kawaida. Kwao mate ni kisa kingine kabisa. Si kwamba yamepungua. Ni kwamba mate, kwa asili yake, yana uwezo wa kuyeyusha damu iliyoganda. Kwa wewe na mimi hilo halionekani, kwa sababu damu yetu huganda imara upesi. Kwa mwenye himofilia kijidonda cha ulimi huacha kuvuja, mama anashukuru Mungu, kisha baada ya saa chache kimeanza upya, na kinywani kuna pande jekundu la damu lililo laini kama ini. Akisukutua maji kwa nguvu au akitematema, huling'oa. Hospitali ina dawa iitwayo traneksamiki asidi inayozuia uyeyushaji huo, na mgonjwa huweza kupewa aisukutue baada ya kung'olewa jino. Lakini kwake si kung'oa tu kunakotaka maandalizi. Hata ile sindano ya ganzi inayochomwa ndani sana nyuma ya taya la chini inaweza kuvujisha damu kooni ikaziba njia ya hewa, hivyo lazima apewe kwanza dawa ya kugandisha damu. Wazazi wake huogopa mswaki kwa sababu ya damu, basi ukoga hujaa, fizi huvimba, na fizi zilizovimba ndizo hutoka damu zaidi. Mswaki laini, kila siku, ndio unaopunguza damu hiyo.

Kwa mwenye selimundu mambo ya nyumbani ni ya kawaida. Mswaki laini na dawa ya meno yenye madini ya floraidi, asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Akishapiga mswaki wa usiku asipewe tena kitu kitamu, isipokuwa maji. Kama dawa ya maji inatolewa saa za kulala, itolewe kabla ya mswaki. Juisi ya rozela inywewe pamoja na chakula, mara moja, iishe. Aonane na daktari wa meno kila miezi sita hata kama haumwi, na aende na kadi yake ya kliniki ya selimundu mkononi. Mwalimu wa darasa apewe barua ya daktari inayosema mtoto huyu awe na chupa ya maji mezani na asizuiwe kwenda chooni.

Na kikombe cha maji kikae karibu na kitanda usiku, anywe kila anapoamka. Godoro litalowa, hilo halikwepeki. Nunueni nailoni nzito ya kufunika godoro chini ya shuka, ile inayopimwa kwa mita madukani. Asubuhi inafutwa kwa kitambaa na maji ya sabuni, inaanikwa, na jioni inatandikwa tena.